Ushuru wa mazingira: Wakenya walikataa bei, si mazingira

WAKENYA walipofurika katika mitandao ya X na TikTok mnamo Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, mojawapo ya mapendekezo yaliyowakera ni ushuru wa mazingira. Ushuru huo ulilenga bidhaa ambazo taka zake ni ngumu kuondoa: nepi, simu, betri, matairi na vifungashio vya plastiki.

Serikali ilishikilia kuwa anayechafua ndiye alipe. Wanamitandao nao walipiga hesabu tofauti: mwagizaji angeuongeza ushuru kwenye bei, mwenye duka naye angefanya vivyo hivyo, na mzigo wote ungemwangukia mnunuzi. Sodo zilipotajwa, hasira zilizidi.

Juni 18, kamati ya bunge ilitangaza kwamba bidhaa zinazotengenezwa nchini hazingetozwa. Moto haukuzimika. Wabunge waliupitisha mswada Juni 25, siku ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi.

Je, Wakenya hawajali mazingira? Mienendo yao sokoni inaonyesha kinyume. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo ya sola mwaka 2012 kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa, familia nyingi za mashambani zilijitokeza. Pesa zilizokuwa zikinunua mafuta ya taa ndizo zilizolipia sola, na deni lilipoisha mtambo ukawa wao.

Tofauti iko hapo. Sola ilimpunguzia mtu gharama aliyokuwa nayo tayari. Ushuru ulimwongezea nyingine, bila kumwonyesha taka zake zingepelekwa wapi. Isitoshe, watengenezaji bidhaa walilalamika kuwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inawabebesha jukumu la taka hizo.

Kwa mfanyabiashara, funzo ni wazi. Anayeuza pampu ya sola asitangulize habari za hali ya hewa duniani. Amweleze mkulima ataacha kununua lita ngapi za petroli kwa wiki, deni litaisha mwezi gani, na fundi yuko wapi pampu ikiharibika. Mkulima naye adai majibu hayo kabla ya kulipa amana.

Serikali nayo ikitaka kuurejesha ushuru huo, ianze kwa kuonyesha jaa litakalojengwa na kiwanda kitakachopokea betri kuukuu. Mlipaji akishaona pesa zake zinakoenda, huenda mjadala mitandaoni ukachukua mkondo mwingine.