Goti Halina Makosa, Paja Ndilo Umelitelekeza

Wasee wa Kisii na Nyamira, tuambiane ukweli. Ingia jimu yoyote hapa tao jioni. Benchi ya kifua ina foleni. Mashine ya miguu imekuwa mahali pa kutundika jaketi. Halafu msee huyo huyo wa kifua akiteremka Nyanchwa kwa miguu mara moja tu, analia, "Goti linaniua!"

Goti limefanya nini, bana? Goti ni kama bawaba. Bawaba haifungui mlango, mkono ndio unafungua. Na mkono wa goti ni paja.

Mbele ya paja kuna misuli minne, kwa pamoja inaitwa kwadrisepsi. Inanyoosha goti ukipanda ngazi ama ukipiga shuti. Mmoja wao unaanzia juu ya nyonga, kwa hivyo unasaidia pia kuinua paja. Nyuma kuna hamstringi: inakunja goti na kuvuta paja nyuma ukikimbia. Msuli unajua kuvuta tu, haujui kusukuma. Ndiyo maana unahitaji pande zote mbili ziwe na nguvu.

Sasa, mnadhani kushuka mlima ni kazi rahisi? Wapi! Ukishuka, misuli ya mbele inakaza huku ikirefuka, kama breki ya nduthi kwa mteremko. Ndiyo maana mapaja yanauma kesho yake na kesho kutwa. Na sisi huku, ni wapi utaenda bila mteremko?

Najua mtasema eti skwoti zinaharibu magoti. Zikifanywa polepole na uzito ukiongezwa kidogo kidogo, zinaimarisha misuli inayoshikilia goti. Shida ni kubeba chuma kizito ghafla juu kuna mtu anakurekodi.

Na madem mnaokwepa eti mapaja yatanenepa: wasichana wanaocheza mpira huchana ligamenti ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Mapaja yenye nguvu, pamoja na kujua kutua vizuri ukiruka, hupunguza hiyo hatari. Chagueni.

Sisi ndio hatuna kisingizio kabisa. Dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa Olimpiki ililetwa na Naftali Temu wa Nyamira, mita 10,000, Mexico City, 1968. Wa kwanza duniani kumaliza mita hizo chini ya dakika 27 ni Yobes Ondieki wa Kisii, Oslo, 1993. Hao hawakushinda kwa kubinua kifua.

Goti likivimba ama likikwama, nenda hospitali, usiulize kwa komenti. Lakini kama mguu ni mzima na wewe ni mvivu tu, anza leo: inuka kwa kiti bila kutumia mikono, shuka ngazi polepole, na ile nduthi ya kupanda kilima kimoja iache iende.

Na tafadhali, toa jaketi kwa hiyo mashine. Kuna mtu anataka kuitumia.