Mgeni Asimzibie Kiboko Njia

Tangu mwaka 2019, mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), wilaya za Kyerwa na Karagwe mkoani Kagera zimewafungulia watalii mlango. Karibuni sana, lakini njooni na adabu.

Kando ya Mto Kagera, wa kuogopwa kwanza ni kiboko. Usiku hutoka majini kula nyasi, na anayesimama kati yake na maji humzibia njia ya kukimbilia, hapo kiboko hushambulia. Nyati aliyejitenga na kundi naye si wa kusogelewa kwa ajili ya picha.

Anayesahaulika ni popo. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg, ugonjwa wa virusi vinavyobebwa na popo, baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Mkoa wa Kagera wenyewe uliguswa na ugonjwa huo mwaka 2023 huko Bukoba, kisha 2025 Biharamulo. Pango lenye popo lisiingiwe, hata mwenyeji akisema hakuna neno.

Waongoza watalii wayaseme haya getini, kabla gari halijaondoka, na anayeshuka bila ruhusa ya askari wa hifadhi arudishwe.