Wana Tana, Vyoo Visingoje Mafuriko Mengine

Maji ya mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalipopungua kando ya mto Tana, watu walirudi mashambani mwao. Vyoo havikurudi. Katika kijiji kimoja nje ya Garsen, shimo la choo limetitia, mabati yameng'olewa, na nyuma ya migomba kuna kijia kilichokanyagwa na waendao haja. Watoto hupita humo humo, miguu mitupu, wakienda kuteka maji.

Kinachofuata kinajulikana. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakalelewa na udongo wenye joto na unyevu. Mabuu ya safura hutoboa ngozi ya unyayo, hupitia mapafuni hadi utumbo, na huko hunyonya damu. Mchango nao huingia kwa mdomo: embe la kuokota lisilooshwa, mkono usionawa. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku.

Tangu 2012 Kenya imepanua mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Ni jambo jema. Lakini tembe huua minyoo iliyomo tumboni leo. Haimkingi mtoto na ile atakayoikanyaga kesho.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi. Mbona basi mama mjamzito apalilie mpunga kwenye matope yenye kinyesi, huku damu ikimpungua? Viongozi wanaofika na magunia ya unga wakati wa mafuriko wana deni hapa. Hata hivyo, mwenye pikipiki na televisheni asiye na choo anawalisha jirani zake kinyesi, na hilo si kosa la serikali.

Mpokomo mkulima, Muorma na Mwardei mfugaji wanakunywa mto mmoja. Kila kijiji kikutane. Alama ya maji ya mafuriko bado inaonekana kutani: tuta la choo lishindiliwe lipite alama hiyo, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Mlangoni utundikwe mtungi uliotobolewa, na sabuni. Mtoto avishwe viatu, hata ndara. Wawakilishi wadi nao wabanwe wakati wa bajeti.

Tafadhalini, wana Tana, vijana na wazee, shikeni majembe sasa, kabla ya mvua za vuli.