Daftari la wiki: Utavukia wapi?

Uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uko Port Reitz, upande wa bara. Mji ni kisiwa, na hoteli nyingi za ufuoni ziko ng'ambo, kaskazini au kusini. Kwa hiyo "ni pesa ngapi?", ambalo kila mgeni hulitanguliza, Mombasa ni swali la pili. La kwanza ni utavukia wapi.

*

Wiki hii nilikwenda kumpokea jamaa yangu. Pembeni, mama mmoja alikuwa akipatana na dereva bei ya kwenda Diani, kusini. Wamekubaliana, begi limeshaingia kwenye buti, ndipo dereva akauliza: "Twapitia feri ama Dongo Kundu, mama?" Mama akamtazama kama aliyeulizwa jina la babu wa babu yake. Dereva hakukosa kuuliza; alichelewa tu. Njia ndiyo inayoamua utafika saa ngapi, nayo hupatanwa kabla ya bei.

*

Kwa wasioizoea: Dongo Kundu ni barabara ya kilomita 17 na ushei inayotoka Miritini, ikapita juu ya maji ya Mwache na Mteza, ikatokea Kibundani, kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Daraja la Mteza peke yake lapita kilomita moja. Anayeifuata hufika Diani bila kukanyaga kisiwani.

Njia ya kale ni Changamwe, Makupa, katikati ya mji, kisha foleni ya feri ya Likoni. Asubuhi umati watoka Likoni kuja kazini, jioni warudi. Ndege yako ikitua saa kumi na moja nawe waelekea kusini, utakutana na mji mzima ukirudi nyumbani. Na meli kubwa ikiingia Kilindini, feri husubiri, haijali una watoto wangapi wenye njaa.

Kuna na wale wasiopenda feri kwa sababu nyingine. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua zaidi ya watu 270. Mzee akikwambia "pitia Dongo Kundu tu, mwanangu", usimdhanie anaringia barabara mpya.

*

Hata hivyo, mchana, ukiwa peke yako na mkoba mmoja, mimi ningekushauri feri. Tuktuk au matatu hadi mjini, kisha Likoni. Waendao kwa miguu huvuka bure. Ng'ambo makanga wa matatu za Ukunda watakuwa wanaita kabla hujatoka kwenye mteremko. Utatokwa na jasho, lakini utakuwa umeiona Mombasa.

*

Teksi za simu: bei huiona kwenye skrini, na hilo ni jema. Halafu dereva anapiga simu: "Waenda wapi? Walipa kesh?" Ukitaja Likoni jioni, safari inafutwa. Kwa kusini, bado naona afadhali mtu wa kupatana naye uso kwa uso.

*

Waendao Nyali, Bamburi na Shanzu hawana la kuchagua: ni Makupa, kisha daraja la Nyali, lile la tangu 1980. Wao waulize bei tu. Nao wa treni ya SGR wasijione wamefika wanaposhuka Miritini. Huko nako ni bara.

*

Bado sijaelewa kwa nini mtu aendaye Watamu atoke Nairobi atue Mombasa, kisha alipe gari la zaidi ya kilomita mia, ilhali Malindi kuna uwanja wa ndege. Na Diani yenyewe ina kiwanja pale Ukunda, ambako tuktuk yatosha. Tiketi ikiwa ghali kidogo, ijumlishe na teksi kwanza ndipo uinunie.