Kipupwe si likizo ya bustani
Kipupwe kikibisha hodi Njombe na Makete mwezi wa Juni, wengi huweka jembe darini na kuanza kununua mboga sokoni. Hilo linaniuma, kwa sababu baridi haiui kila kitu. Nyanya, maharage, maboga na viazi mviringo havina kinga. Usiku mmoja wa sakitu hutosha kuyafanya majani yake meusi, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Lakini sukuma wiki, kabichi, karoti na vitunguu huhimili, na sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi, maana mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili maji ndani ya majani yasigande upesi. Tazama anga jioni: likiwa halina wingu na upepo umetulia, joto la ardhi litapaa usiku kucha, na hewa baridi itatelemkia mabondeni, huko huko kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni. Mwagilia mapema mchana, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu, kisha funika miche kwa nyasi, magunia au khanga kuukuu iliyotandazwa juu ya vijiti, na ufunue jua likishapanda. Nailoni inayogusa majani siipendekezi hata kidogo. Huyapitishia baridi moja kwa moja. Wenye watoto nyumbani, msisubiri mvua za Novemba: pandeni sukuma wiki sasa, karibu na mlango wa jiko.