Kampuni changa za Kivu: mteja ndiye mtaji wa kwanza

Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, mashindano ya vijana wenye mawazo ya biashara yamekuwa mengi. Kijana anaandika mradi, anausimulia mbele ya majaji, anapewa cheki kubwa ya karatasi, anapigwa picha. Miezi sita baadaye, ukiuliza kampuni iko wapi, utaambiwa anajitayarisha kwa shindano lingine.

Si uvivu. Amefundishwa kwamba feza inatoka kwa mfadhili, na mteja atakuja kisha. Waliofaulu katika eneo hili walianza upande wa pili.

Washikala Malango na Iongwa Mashangao ni wazaliwa wa Kivu ya kusini. Vita viliwafukuza wakiwa wangali watoto, wakakomalia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, inchini Tanzania. Mwaka wa 2013 walianzisha kampuni ya Altech. Hawakuanza na mitambo mikubwa, walianza na taa ndogo za jua. Maisha ya nyumba isiyo na umeme waliyafahamu: mama anatoa franga kila jioni kwa petroli ya koroboi au mshumaa, na franga hizo, zikihesabiwa mwaka mzima, si kidogo. Shida ni kwamba hazikai pamoja. Mwenye kutoa franga 500 kwa siku hana dola 100 za kununua kifaa kwa mara moja. Ndiyo sababu biashara ya umeme wa jua ilifikia malipo ya pole pole: mteja anatanguliza kidogo, anaendelea kulipa kwa simu, na akikosa kulipa, kifaa kinazimika.

Nuru nayo ilipanda hatua kwa hatua. Kabla ya kituo chake cha megawati 1,3 huko Ndosho, mjini Goma, mwaka wa 2020, ilijenga kituo kidogo cha kilowati 55 huko Beni mwaka wa 2017. Wenye feza walioweka zaidi ya dola milioni 40 mwaka wa 2023 walikuta kampuni ambayo tayari ina watu wanaolipa umeme.

Lakini kuna jambo ambalo mashindano hayaligusi kabisa. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilichukuliwa na waasi wa AFC/M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifunga milango. Mwenye kampuni aliyeweka mishahara ya wafanyakazi wake benki alibaki na namba tu kwenye karatasi.

Kwa yule aliyeuza kwa mkopo, hesabu ni chungu zaidi. Mteja aliyekimbia na paneli kichwani si mwizi. Kwenye kompyuta, lakini, anafanana na mwizi: siku 30 bila malipo, kisha siku 60. Mwenye kampuni akizima kifaa, familia inakaa gizani huko ilikokimbilia. Akikiacha kiwake, yeye mwenyewe ana deni la dola kwa waliomkopesha. Afazali akiache. Familia hizo mara nyingi hurudi, na zikirudi zinakumbuka ni nani aliyewaachia taa.

Hapo wakopeshaji ndio wanaopaswa kujifunza. Mkataba ulioandikwa kwa ajili ya mji wenye amani hauna mahali pa miezi ya vita. Wangekubali tu kwamba malipo yasimame pale wateja wanapohama, na yaendelee wanaporudi, kampuni nyingi zingeokoka. Kijana mwenye cheki moja tu mbele yake hatathubutu kudai kipengele hicho, kwa kuogopa cheki isimponyoke. Yule mwenye wateja 200 wanaomlipa kila juma anaweza angalau kukitaja kabla ya kutia sahihi.