Si kila kikohozi ni TB

Jirani yangu hapa Carama ni mfanyabiashara wa vitenge. Kwa miaka mingi amekuwa akipanda gari la usiku kwenda Kobero kupokea mzigo unaotoka Tanzania. Matatizo yake yalianzia Bugarama, kule juu kwenye baridi. Vidole vilipauka kama vimepakwa majivu, vikageuka bluu, kisha vikafa ganzi. Wenzake wakamwambia anunue glavu.

Mwaka uliofuata ngozi ya mikono ikakaza, hata kuhesabu noti ikawa kazi. Kikaja kikohozi kikavu, na pumzi kukatika kila alipoinua robota. Alipimwa TB mara mbili, majibu yakasema hana. Hata hivyo alipewa dawa za TB za miezi sita. Alizimaliza, kikohozi kikabaki. Baadaye daktari mmoja alitazama vidole vyake kabla ya kusikiliza kifua, ndipo jina la ugonjwa likapatikana: skleroderma.

Sisi wa mipakani tunaweza kuuelewa ugonjwa huu kwa urahisi. Seli nyeupe za damu ni askari wa mpaka: kazi yao ni kutofautisha mgeni na mwenyeji. Katika skleroderma, askari hao wanamgeukia mwenyeji. Seli B hutengeneza kingamwili dhidi ya mwili wenyewe. Seli T, pamoja na makrofeji ambazo kwa kawaida husafisha mapafu, hutoa kemikali zinazoziamuru seli nyingine zitengeneze nyuzi za kuziba jeraha. Amri haikomi, kovu linaota juu ya kovu, na pafu linalopaswa kutanuka linakuwa gumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mgonjwa. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na madhara yake kwenye mapafu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa. Kovu likishaota kwenye pafu halifutiki, ndiyo maana miezi sita ya dawa isiyohusika ni hasara kubwa. Dawa za kutuliza askari hao zipo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mikofenoleti, inayomezwa, iliboresha upumuaji wa wagonjwa ndani ya miaka miwili.

Sisemi watu waache kupima TB. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili aanze na kipimo hicho, na sasa kuna mashine zinazotoa majibu kwa takriban saa mbili. Ninachosema ni kwamba majibu yakionyesha hakuna TB, tuendelee kuuliza. Mwonyeshe daktari vidole vyako, mweleze habari ya baridi, muulize kuhusu picha ya CT ya kifua na kipimo cha kingamwili. Na tuache kujinunulia predinisoloni au deksamethasoni bila karatasi ya daktari. Kwa mwenye skleroderma, dozi kubwa ya dawa hizo inaweza kuangusha figo.

Lakini mgonjwa peke yake hawezi. Nchi za Jumuiya ziligawana vituo vya umahiri: Kenya figo, Uganda saratani, Tanzania moyo, Burundi lishe. Ni mpango mzuri, ila magonjwa ya kinga kuushambulia mwili hayakupewa kituo chake. Mgonjwa anahangaika nchi hadi nchi, na karatasi zake hazimfuati. Jirani yangu alipofika Dar es Salaam aliambiwa arudie vipimo vyote alivyokwisha kulipia Bujumbura.

Cheti rahisi cha uasilia kinapitisha bidhaa zetu za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000. Kwa nini faili la mgonjwa lisiheshimiwe vivyo hivyo, na bima ya afya ivuke mpaka pamoja na mwenye nayo? Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010 kwa ahadi ya watu kutembea huru, si mizigo tu.

Vyama vyetu vinapokaa na maofisa wa Jumuiya, tunazungumza ushuru na foleni za malori. Kikao kijacho tuongeze jambo hili. Jirani yangu hawezi tena kupita Bugarama usiku. Mzigo sasa anafuata mwanawe.